Aliyelalia Mayai

Simu ilinikuta masjala, Bariadi, nikitafuta jalada ambalo mtu alikuwa amelirudisha kwenye kabati lisilo lake. Dada Minza hakulia. Alisema tu, "Kabula, shemeji yako amepumzika asubuhi hii. Njoo na kalamu." Wenzangu wakiitwa msibani huambiwa waje na mchele au sufuria kubwa; mimi huitwa na kalamu, kwa sababu nina mwandiko mzuri, ukoo mzima unalijua hilo, na wasifu wa marehemu lazima aandike mtu. Nikapanda gari la mchana kwenda Lamadi. Njiani ikaingia rasimu kwenye simu yangu, imetumwa na Mzee Jilala, kaka yake marehemu, au niseme imetumwa na mjukuu wake, maana mzee mwenyewe simu anaishika kama kaa la moto. Mistari sita. Marehemu Maduhu alizaliwa Lalago. Alikuwa mkulima wa mpunga. Alimwoa Minza, wakajaliwa watoto wawili, Holo na Shija. Alikuwa mpole. Aliugua kifua. Bwana ametoa. Niliisoma mara tatu, sikuona uongo hata mmoja ndani yake, na bado huyo mtu aliyeandikwa mle mimi simjui.

Nilitandikiwa chumba kile kile cha mwaka ule. Siku hizi kina kitanda na feni. Mwaka ule kilikuwa na magunia ya dagaa kutoka sakafuni hadi karibu na bati, nami nililala kwenye mkeka katikati yake, gunia la ziada. Dirisha bado linatazama majaruba ya mpunga. Nyuma ya majaruba ni mafunjo, nyuma ya mafunjo ni ziwa, ambalo asubuhi halionekani kabisa, unaona weupe tu umelala chini kama maziwa yaliyomwagika. Jioni ile nilipofika, wanawake wakiwa uani wanachambua mchele, nilisikia kutoka majarubani sauti nene ya pole pole, huu, halafu kimya, halafu huu tena, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Nikaweka kalamu chini. Sauti hiyo ni ya ndege jike. Dume lake haliiti hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipojifunza jambo hilo, na gharama ya kujifunza kwangu ilimwangukia mtu mwingine.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, yaani nilikuwa msomi kuliko nilivyowahi kuwa tena maishani. Nikaja kukaa kwa dada. Minza alikuwa mwanamke mrefu, mnene, wa vitenge vya rangi kali, na sauti yake ilifika mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, kabla yake. Ananunua dagaa alfajiri, anaanika, anapakia, na kila Jumatatu anaondoka na magunia kwenda Bariadi na Maswa, anarudi Jumatano amejaa vumbi na habari. Mume wake Maduhu alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima. Alikuwa na shati moja la kaki lililopauka hadi likafanana na udongo wa jaruba, akisimama shambani unaweza kumpita. Alikwenda kwenye mpunga kukiwa bado na ukungu, akarudi, akawasha moto, akapika uji wa mtama wenye karanga. Shija, aliyekuwa wa miezi minane, alikaa mgongoni kwake amefungwa kwa khanga ya mama yake. Halafu Maduhu aliketi kizingitini, Holo wa miaka sita katikati ya magoti yake, akamsuka mabutu kwa vile vidole vilivyozoea kupandikiza mpunga, na mistari ilinyooka kuliko niliyosuka mimi. Jioni aliinjika maji, akaogesha watoto wawili, akawapaka mafuta, akawapa ugali na nsansa, mboga ya majani makavu ya kunde, na mimi nikala pale pale kwenye sinia lao huku natazama pembeni.

Niliona aibu. Nasema wazi, sina sababu ya kujipamba kwa umri huu. Kisimani wanawake waliniuliza, "Kabula, shemeji yako arobaini yake lini, tumletee uji?" na walipocheka mimi nilicheka nao ili nisiwe upande wake. Mwenyewe alikuwa anajua. Alipita na ndoo yake, akawasalimia, "Mwangaluka, mayu," wakaitikia vizuri kabisa, na akishapita wanaendelea. Lakini Jumatano jioni, dada akirudi, niliwasikia kupitia ukuta wa magunia wakiongea Kisukuma kwa sauti za chini chumbani kwao. Maduhu anamsimulia siku tatu zilizopita: leo Shija kakaa bila kushikwa, juzi Holo kakataa mlenda, jino la mbele linacheza. Dada, yule wa sauti ya mwaloni, alicheka taratibu kama msichana. Nilikuwa nikisinzia na ile sauti, harufu ya dagaa puani, sijui nimo kwenye nyumba au nimo majini. Hadi leo nikitaka usingizi huwa naikumbuka.

Mvua zilipokolea akaja Bwana Salehe, kijana wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, aliyekuwa amesomea wanyamapori. Alikuja na nyavu laini zisizoonekana, mizani ndogo ya kuning'iniza, vifuko vya nguo na daftari jipya. Alitaka kuwajua ndege wa majini wanaozaliana majarubani. Alimwajiri Maduhu kwa sababu alijua kila kiota, na aliniajiri mimi kwa ajili ya mwandiko. Daftari alilipiga mistari mwenyewe: tarehe, mahali, dume, jike, anafanya nini. "Tofauti zao wakati huu zinaonekana wazi," alisema, akaingia mtumbwi wa kwenda upande wa pili wa ghuba kwa wiki mbili. Ndege aliyempenda kuliko wote sisi tulimwita Mwenye Miwani. Wako wa aina mbili wanaotembea pamoja. Mmoja ni mkubwa kidogo, shingo na kifua rangi ya damu ya mzee, duara jeupe safi kuzunguka jicho, na mkanda mweupe unaotoka kifuani kupanda begani, utadhani amevaa mkoba. Mwingine ni mdogo, kijivu cha udongo, madoadoa ya rangi ya mchanga kwenye mabawa, miwani yake imefifia. Huyu wa pili ukimkuta kwenye kiota hasogei. Unaweza kumkanyaga ukidhani ni nyasi.

Sikuhitaji kufikiri. Jogoo namjua, tausi nilimwona kitabuni. Nikaandika wiki nzima: dume, amesimama kwenye tuta, anaita. Jike, kwenye mayai manne. Maduhu alichungulia daftari, Shija mgongoni, akakohoa kidogo. "Shemeji, naona umewageuza. Anayelalia ni dume. Yule wa mkanda ni mwanamke, yeye anataga tu na kulinda mipaka, halafu huyo anakwenda zake kutafuta mume mwingine." Nilimwangalia yeye, nikaangalia mtoto mgongoni mwake, nikamjibu jibu ambalo hata leo likinijia naacha ninachofanya. Nilisema, "Shemeji, si kila nyumba ni kama yako." Yeye akacheka kidogo, akarekebisha khanga, akasema, "Basi andika unavyoona." Tukaendelea kutembea kwenye matuta. Kwenye majani ya yungiyungi kulikuwa na ndege mwingine, mwekundu wa kutu, mwenye vidole virefu ajabu, ambaye dume na jike wake rangi ni moja ila jike ni mkubwa, ukiwaweka pamoja utasema mama na mtoto. Maduhu alinishika bega ili nisimame. Ndege mmoja alikuwa anatembea juu ya majani na miguu mingi kupita kiasi, inaning'inia chini ya mabawa yake pande zote mbili. Akajitikisa, vifaranga vitatu vikadondoka majini na kuanza kula. Ukungu ulikuwa haujaondoka vizuri. Tulisimama pale hadi Shija akaamka.

Bwana Salehe aliporudi alisoma kurasa zangu, akazisoma tena, akauliza kwa adabu kama daftari lilipigwa na mvua. Kesho yake alinasa jozi moja. Alimning'iniza yule mwekundu wa mkanda mweupe kwenye kifuko, mizani ikashuka. Akamning'iniza wa kijivu, ikashuka kidogo tu. Akampuliza yule wa kijivu tumboni, manyoya yakafunguka, akanionyesha ngozi iliyo wazi, nyekundu, ya moto. "Weka kidole," alisema. Niliweka. "Hii ndiyo inayopasha mayai joto. Mwenzake hana. Huyu ndiye baba." Maduhu alikuwa kando anakunja wavu, hakusema nimekuambia. Nilifuta kurasa nane kwa rula na wino mwekundu, dume pawe jike, jike pawe dume, na nilidhani somo limeisha pale. Ndege nilishamwelewa. Mtu bado.

Haikupita miezi miwili, siku ya Jumanne, Mzee Jilala akatokea bila taarifa. Wakati huo hakuwa mzee sana, alikuwa na fimbo kwa ajili ya ng'ombe si kwa ajili ya mwili, na alifuatana na mjomba wao mmoja. Habari za nyumba hii zilikuwa zimefika Lalago, zimebebwa na watu wa mnada. Maduhu aliwaona wakiwa bado kwenye tuta la mbali. Akafungua khanga haraka, akanipa Shija, akafunika sufuria, akanawa mikono, akaketi sebuleni ameweka mikono juu ya magoti. Sijawahi kumwona amekaa bila kushika kitu. Baada ya salamu na maziwa mgando, Mzee Jilala alisema hakuja kwa ugomvi. Alisema amesikia mama wa nyumba hii analala safarini siku tatu za wiki, na kwamba hapa hakuna ngosha, mwanaume wa kweli, wala hakuna mama. Watoto ni wa ukoo. Kama hakuna anayewalea, wapo watu Lalago wa kuwalea. Hakumuuliza mdogo wake. Mdogo mtu hajibizani na kaka yake mbele ya mjomba, na wote walilijua hilo. Akanigeukia mimi. "Wewe binti umesoma, na wewe si wa upande wetu. Nani anapika na kuogesha watoto katika nyumba hii?"

Shija alikuwa analia begani kwangu, amenyoosha mikono kwa baba yake, na baba yake anatazama sakafu. Nilimwonea huruma. Nilitaka kumfunika. Nilitaka kaka yake aondoke akijua kwamba mdogo wake ni mwanaume kama wengine. Nikasema, tena kwa sauti ya shule, "Dada ndiye anayelea, baba. Shemeji yuko mashambani kutwa, hata jikoni haingii." Mjomba akatikisa kichwa. Mzee Jilala akaniuliza taratibu, hana hasira hata kidogo, "Na leo dada yuko wapi?" Nikasema Maswa. "Kwa hiyo tangu jana asubuhi hadi kesho jioni, anayelea hayupo." Nikasema nipo mimi. "Wewe nimeambiwa kutwa uko na watu wa ndege." Nilimtazama Maduhu ili aniokoe. Alifungua mdomo. Akanitazama, binti wa watu, shemeji yake, niliyekwisha kusema mbele ya wazee kwamba yeye jikoni haingii. Akaufunga. Asubuhi yake Holo aliondoka nao na kifurushi cha nguo. Mabutu yake yalikuwa mapya, baba yake alimsuka kabla hawajaamka. Shija walimwacha kwa sababu alikuwa bado ananyonya.

Dada alirudi Jumatano, akahesabu vichwa kwa macho, akakaa juu ya gunia. Nilimweleza kila kitu huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, na yule mwanamke wa kelele alisema kwa sauti ndogo sana, "Ungesema kweli tu, Kabula. Kweli ilikuwa inatosha. Mtoto ana mtu wa kumlea, yuko mbele yako amekaa." Nikasema twende wote Lalago nikakanushe. Maduhu alikataa. Alisema binti akijulikana kwa wazee kuwa ni mwongo, neno hilo humtangulia kila anakokwenda, na mimi nilikuwa bado na maisha yangu. "Nitamfuata mwenyewe taratibu," alisema. Alimfuata mara mbili kwa baiskeli, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mara ya kwanza walimwambia mtoto ndiyo kwanza anazoea. Mara ya pili walimwambia ameshazoea. Holo alirudi Lamadi akiwa na miaka kumi na mbili, akamwamkia baba yake kwa heshima zote, kama unavyomwamkia mgeni, na ikabaki hivyo.

Niliondoka mwisho wa mwaka ule. Lakini kabla ya hapo niliishi miezi sita kwenye chumba cha magunia, na nilikuwa naona. Kila jioni Maduhu aliinjika sufuria ile ile kubwa, maji yale yale, akachota ndoo mbili za plastiki, ya bluu na ya njano. Ya bluu alimwogeshea Shija. Ya njano aliiacha pembeni ya mlango hadi ipoe, halafu akaibeba na kuimwaga kwenye shina la mpapai. Nilidhani amesahau. Jioni ya pili nilidhani amesahau tena. Ya tatu nilikwenda kulala bila kula. Kutoka majarubani jike liliita, huu, huu, mahali fulani katikati ya mpunga dume limekaa kimya juu ya mayai, na mimi nililala macho wazi, mtaalamu wa ndege.

Holo alifika msibani juzi jioni kutoka Mwanza. Ni muuguzi, mrefu kama mama yake, na ana vidole vya baba. Alinikuta chumbani na karatasi. "Mama mdogo, usiandike mengi," alisema. "Andika alikuwa mpole. Hilo sitabisha." Akakaa kitandani, akavua viatu, akasema akitazama dirisha, "Mimi nina watoto watatu. Mtu akija kumchukua mmoja nitasema neno. Hata neno moja. Baba alikaa kimya, nilikuwa mlangoni, nilimwona. Halafu akaja Lalago na matobolwa, akaondoka. Nimemtibu kifua miaka minne na sijawahi kumuuliza." Hapo ndipo iliponipasa kuongea, mimi mwenyewe na yeye, mlango umefungwa. Sikuweza. Miaka yote hii natunza kumbukumbu za watu, jalada likikosewa jina nasimamisha ofisi nzima, na nilishindwa. Nilimwambia alale kidogo. Halafu nikageuza karatasi ya Mzee Jilala, nikaandika upande wa pili hadi wino ukakata, nikaomba kalamu nyingine.

Jana chini ya turubai, kando ya jeneza, walinipa kipaza sauti. Mzee Jilala alikuwa mbele kwenye kiti cha plastiki, fimbo sasa ni ya mwili. Nilisoma tarehe na Lalago na mpunga. Halafu nikasoma yangu. Nilisema marehemu aliwapikia watoto wake uji wa mtama, aliwabeba mgongoni, aliwasuka, aliwaogesha, na kwamba sisi tuliokuwepo tulimcheka. Nilisikia wanawake wawili watatu wa kisimani wakijisogeza kwenye mikeka. Nilisema: mwaka ule wazee walikuja wakaniuliza nani anayelea nyumba hii, nami nikasema uongo, nikidhani namheshimisha, na kwa uongo ule Holo akachukuliwa. Marehemu alikuwa na neno la kusema. Hakulisema, kwa sababu lingenifanya mimi mwongo mbele ya watu. Aliniachia heshima yangu, akaipoteza ya kwake kwa mtoto wake. Mzee Jilala alivua kofia yake akaiweka juu ya goti. Mimi nikaendelea hadi mstari wa mwisho, na hapo maandishi yangu mazuri yakaanza kuogelea, sikuyaona tena.

Nikasikia mtu amesimama pembeni yangu. Holo alichukua karatasi mkononi mwangu, si kwa kunyang'anya, akatafuta mahali nilipoishia kwa kidole. Akasoma kwa sauti ya kazini, ile ya kuwaita wagonjwa kwa majina: "Baada ya Holo kuondoka, kila jioni marehemu alichemsha maji ya watoto wawili." Watu walidhani amemaliza, padri akaanza kusogea. Holo akamzuia kwa mkono, akasogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akausoma tena ule mstari, taratibu, na safari hii alimwambia baba yake.